Kulinda Mataa Janja ya Dar es Salaam Dhidi ya Wadukuzi: Mwongozo Kamili Unaoanzia Kwenye Kabati

Daraja la Kijazi lilifunguliwa mwaka 2021 na magari sasa yanapita juu kwa juu, lakini konda wa daladala bado anaita "Ubungo Mataa". Ndivyo tunavyoelekezana jijini: shukia mataa ya Magomeni, nisubiri mataa ya Fire, ukifika Buguruni kata kushoto kwenye mataa. Kitu ambacho watu zaidi ya milioni tano wanakitumia kama alama ya njia, na wengi wao wanakivuka kwa miguu kila asubuhi, kinastahili kulindwa kwa bidii kubwa kuliko tunayoiona sasa.

Mataa ya zamani yalikuwa saa ndani ya boksi. Sekunde kadhaa upande huu, sekunde kadhaa upande ule, basi. Mataa janja ni kompyuta iliyosimama juani. Yana vihisi vinavyohesabu magari, kamera, modemu yenye laini ya simu, na kontrola inayopokea maelekezo kutoka chumba cha usimamizi kilicho mbali. Kila kimoja kati ya hivyo ni mlango. Mimi ni fundi wa mitandao, na haya ninayaandika kwa ajili ya fundi wa mataa, ofisa TEHAMA wa serikali, mkandarasi anayefunga vifaa, na diwani atakayeulizwa maswali taa zikigoma.

Kabla ya hatua yoyote: elewa mdukuzi anaweza nini

Watu wengi wakisikia mataa yamedukuliwa wanafikiria kijani pande zote nne na magari kugongana. Kwenye mataa yaliyofungwa vizuri, hilo ni gumu sana kulifanya kwa njia ya mtandao. Ndani ya kabati kuna kifaa kingine, tofauti na kontrola, ambacho kazi yake ni kuangalia umeme unaokwenda kwenye taa. Kikiona kijani mbili zinazopingana, kinamnyang'anya kontrola madaraka na kuziweka taa zote kwenye hali ya kumweka, yaani kuwaka na kuzima. Nitakiita kifaa cha mlinzi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa ruhusa ya wamiliki wa barabara, waliingia kwenye mfumo wa mataa ya karibu makutano 100. Waliweza kubadilisha zamu za taa watakavyo, lakini kifaa cha mlinzi kiliwazuia kuleta kijani zinazogongana. Hata hivyo walionyesha kwamba kifaa hicho hicho kinaweza kutumika vibaya: ukikichokoza kwa makusudi, taa zinaanza kumweka nyekundu, na hazirudi mpaka fundi afike mwenyewe kwenye kabati.

Hebu lihamishie hilo Dar es Salaam, saa 11 jioni, siku ya Ijumaa. Makutano moja likiharibika, afande anasimama katikati na mambo yanakwenda. Makutano kumi yakiharibika kwa pamoja kwenye barabara za Morogoro, Kawawa na Mandela, hakuna trafiki wa kutosha wala fundi wa kufika kote. Gari la wagonjwa linalokwenda Muhimbili linakwama kama magari mengine.

Lipo na jambo la pili, ambalo mimi naliona zito zaidi kwa jiji letu. Hapa tumezoea trafiki kuyapa kisogo mataa na kuongoza kwa mkono. Tumezoea pia umeme kukatika. Kwa hiyo mtu akiingia kwenye mfumo na kuchezea muda wa taa, dereva atasema "trafiki kashika huko mbele", trafiki atasema mataa mabovu, na fundi atasema ni umeme. Udukuzi unaweza kukaa wiki nzima ukiitwa foleni. Kazi kubwa ya mwongozo huu ni kukuwezesha kutofautisha vitu vitatu: hitilafu, mkono wa afande, na mkono wa mtu asiyehusika.

Hatua ya 1: Pata kibali cha maandishi, kisha zunguka kwa miguu

Usiguse kitu bila barua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaifanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na nia njema yako haitasomeka kwenye hati ya mashtaka. Jua kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA, na matengenezo ya mataa TEMESA, wakala wa ufundi na umeme wa serikali, nao wamo. Barua itaje makutano kwa majina, tarehe, saa, na watu watakaokuwepo. Mjulishe na kamanda wa usalama barabarani wa eneo.

Kisha zunguka. Kwa kila makutano andika aina ya kontrola na toleo la programu yake ya ndani, vihisi na kamera zilizopo, modemu na namba ya laini yake, nani ana ufunguo, na nani aliligusa kabati mara ya mwisho. Piga picha ya waya kama zilivyo kabla hujagusa.

Orodha hii inachosha, na ndiyo sababu wengi wanairuka. Kwenye kazi moja niliyowahi kuifanya tulikuta modemu ndogo imefungwa kwa utepe nyuma ya kontrola, taa yake inawaka. Nikamuuliza fundi mzee tuliyekuwa naye. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, hiyo haina mwenyewe." Baadaye ikajulikana iliachwa na mkandarasi aliyemaliza mkataba zamani, na ilikuwa bado inapatikana kwenye intaneti. Hakuna nyaraka yoyote iliyoitaja. Kama tusingefungua mlango ule, ingekuwepo hadi leo.

Hatua ya 2: Kabati lenyewe

Mwizi wa kwanza wa mataa haji na kompyuta. Johannesburg walijifunza hili mwaka 2010 na 2011, pale wezi walipogundua kwamba mataa mapya ya jiji yana laini za simu ndani. Walivunja kabati baada ya kabati, wakachukua laini na kuzitumia kupiga simu. Mataa kama 400 kati ya 600 ya aina hiyo yaliathirika. Hawakuhitaji kujua chochote kuhusu udukuzi, bisibisi ilitosha.

Dar es Salaam tunawajua watu wa chuma chakavu, tunajua nyaya za shaba na betri zinavyopotea usiku. Kwa hiyo fanya yafuatayo.

Badilisha kufuli za kiwandani. Marekani kuna ufunguo mmoja, maarufu kwa jina la namba 2, unaofungua makabati ya mataa ya miji mingi, na mtu yeyote anaweza kuununua. Usikubali kabati lije na kufuli ya namna hiyo. Funguo zihesabiwe, zisainiwe zinapochukuliwa na zinaporudishwa.

Tenganisha mlango wa polisi na mlango mkuu. Makabati mengi yana kimlango kidogo chenye swichi za kumwezesha afande kuongoza taa kwa mkono. Afande apate ufunguo wa kimlango hicho peke yake. Nimeona mahali ambapo, kwa kukosa ufunguo mdogo, askari waliachiwa ule mkubwa; mwishowe ufunguo ulikaa kwa muuza vocha wa jirani "kwa usalama". Siwalaumu askari hao, walitaka kazi iende. Kosa ni la aliyewakabidhi.

Weka kihisi cha mlango kinachotuma taarifa kabati linapofunguliwa, na hakikisha swichi ya polisi ikiguswa, saa na dakika vinaandikwa. Hapa ndipo unapoanza kutofautisha mikono: kama mataa yamebadilika na hakuna kumbukumbu ya kimlango kufunguliwa wala umeme kukatika, una swali la kujibu.

Laini za simu zifungwe. Iombe kampuni ya simu izuie kupiga na kupokea simu, iifunge laini kwenye kifaa kimoja tu, na iiweke kwenye APN binafsi, yaani njia ya data iliyotengwa na intaneti ya kawaida. Mwizi akiichukua, amechukua kipande cha plastiki.

Na kwenye mabonde, hasa Jangwani ambako maji ya masika hayasubiri mtu, inua kabati juu ya msingi wa zege. Kontrola iliyolowa inaharibika kwa namna zisizotabirika, na utapoteza siku tatu ukimtafuta mdukuzi ambaye ni mto Msimbazi.

Hatua ya 3: Nywila na watu

Kule Michigan, nywila za kontrola zilikuwa zile zile za kiwandani, zinazopatikana kwenye nyaraka za mtengenezaji. Mawasiliano ya redio hayakuwa yamefichwa. Mtu mwenye redio ya aina ile ile angeweza kujiunga na mtandao wote kupitia makutano moja.

Badilisha kila nywila siku ya kwanza, na kila makutano yawe na yake. Najua fundi atalalamika. Amesimama juani, jasho linamtiririka, honi nyuma yake, na anatafuta nywila ya herufi kumi na sita. Mpe programu ya kutunzia nywila kwenye simu ya kazi, na nakala moja kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya sefu ya ofisi. Kuandika nywila kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mlango wa kabati ni sawa na kutokuwa nayo.

Kisha watu. Mwaka 2006, Los Angeles, wahandisi wawili wa mataa wa jiji lenyewe, wakati wa mgogoro wa wafanyakazi, waliingia kwenye mfumo na kuvuruga makutano manne yenye magari mengi. Ilichukua siku nne kurudisha hali ya kawaida. Baadaye walikiri kosa mahakamani. Hawakuvunja kitu, walikuwa na ujuzi na njia ya kuingilia. Kwa hiyo kila mtu awe na jina lake la kuingilia, kamwe kusiwe na "admin" moja ya ofisi nzima. Mtu akihamishwa, akistaafu au mkataba wake ukiisha, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo kabla hajarudisha kitambulisho. Mkandarasi naye yumo humo.

Hatua ya 4: Njia za mawasiliano

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna kontrola, kamera wala modemu yenye anwani ya IP ya wazi kwenye intaneti. Muulize mtoa huduma kwa maandishi, kisha jaribu mwenyewe kutoka nje, kwa kutumia orodha ya Hatua ya 1 na kibali chako. Kila mawasiliano kati ya kabati na chumba cha usimamizi yapite ndani ya VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa ndani ya mtandao.

Itifaki nyingi za mataa, yaani kanuni ambazo vifaa huzungumza kwazo, zimejengwa juu ya SNMP, lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao, na matoleo yake ya zamani yanatuma kila kitu bila kuficha, yakilindwa na neno moja ambalo mara nyingi ni "public". Angalia toleo linalotumika. Kama kifaa kinakubali toleo la 3 lenye usimbaji fiche, liwashe. Kama hakikubali, basi VPN ni lazima, na milango yote ya mawasiliano isiyotumika ifungwe kwenye fayawoli, kichujio cha mtandao.

Usisahau vihisi vilivyofukiwa barabarani. Mwaka 2014 mtafiti Cesar Cerrudo alionyesha kwamba vihisi visivyotumia waya, vilivyokuwa vimeenea katika miji ya Marekani na kwingineko, vilituma taarifa bila kufichwa na bila kuthibitisha zinatoka kwa nani. Mtu angeweza kuidanganya kontrola kwamba barabara tupu imejaa. Dawa ya muda, kama huwezi kubadilisha vihisi, ni kuweka mipaka ndani ya kontrola: hata kihisi kiseme nini, kijani isizidi sekunde fulani na isipungue sekunde fulani.

Tenganisha mitandao. Mtandao wa mataa usiguse mtandao wa ofisi ambako watu wanafungua barua pepe. Februari 2018 idara ya uchukuzi ya jimbo la Colorado ilishambuliwa na virusi vya kudai fidia, ikalazimika kuzima kompyuta zaidi ya 2,000, lakini mifumo ya kuongoza magari haikuathirika kwa sababu ilikuwa imetengwa. Kinyume chake, mwaka 2017 kwenye jimbo la Victoria, Australia, virusi vya WannaCry viliingia kwenye kamera za barabarani zisizopungua 55, na njia iliyotajwa ilikuwa flashi ya mtu wa matengenezo. Flashi moja. Nunua flashi za kazi, ziwe na rangi yake, zikaguliwe kwenye kompyuta maalumu kabla ya kwenda barabarani, na nyingine yoyote isichomekwe. Laptopu ya fundi nayo isiwe ile anayoangalizia mpira nyumbani.

Hatua ya 5: Maombi ya kipaumbele

Mataa janja yanaweza kulifungulia njia basi la mwendokasi, gari la zimamoto au la wagonjwa. Ni jambo zuri, mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Ila kila njia ya kuomba kijani ni njia ya kuiba kijani. Marekani vilikuwepo vifaa vidogo vya mwanga wa infraredi ambavyo madereva wa kawaida walivinunua na kujifanya zimamoto. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba programu za simu zilizokuwa zikiyaarifu mataa kwamba baiskeli inakuja zinaweza kudanganywa kutoka mbali, bila baiskeli yoyote kuwepo.

Ombi la kipaumbele lithibitishwe kwa ufunguo wa siri wa gari husika. Liwe na kikomo kwa saa. Liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na namba ya gari, na kila wiki mtu alinganishe kumbukumbu hizo na ratiba za mabasi au kitabu cha zamu cha hospitali.

Hatua ya 6: Zima kila kitu, uone kinachotokea

Jipangie Jumapili alfajiri, saa 10, pamoja na askari wa trafiki wawili walioarifiwa.

Chomoa modemu. Mataa lazima yaendelee kwa ratiba yaliyoihifadhi ndani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Mataa yanayotegemea seva iliyo ng'ambo yangekuwa mapambo siku ile. Yaache bila modemu saa kadhaa na upime kama saa yake inabaki sahihi, maana saa ikipotea makutano yanayofuatana yanaanza kukatishana na foleni inajirudi yenyewe.

Kata umeme. Angalia betri inadumu muda gani, na umeme ukirudi taa zinaanza vipi. Zinapaswa kuanza kwa nyekundu pande zote.

Halafu kifaa cha mlinzi, na hapa nakusihi usiharakishe. Kwenye karakana, kamwe usifanye hivi barabarani, mpe kimakusudi kijani mbili zinazopingana na uone kama anakamata. Hakikisha mipangilio yake inabadilishwa kwa mkono tu, kwa kadi au pini ndogo zilizo ndani yake, na kwamba mtandao haumfikii. Siku hizi vipo vinavyouzwa vikiwa na uwezo wa kurekebishwa kwa mbali, na muuzaji atakusifia urahisi huo. Kataa. Mhakiki pia kwamba analinda muda wa njano, ambao kwa kawaida ni sekunde 3 hadi 6. Njano iliyofupishwa hadi sekunde moja haionekani kwenye ripoti yoyote, lakini bodaboda anayekuja na mwanafunzi aliyekwishaanza kuvuka wataiona. Muda wa mwenda kwa miguu upimwe kwa kutembea, tena kwa mwendo wa bibi mwenye fimbo.

Hatua ya 7: Yamalize kwenye mkataba

Ukisubiri kifaa kifike bandarini umeshachelewa. Kwenye zabuni dai yaandikwe haya: programu itasasishwa bila malipo kwa miaka mingapi, nani ana njia ya kuingia kwa mbali na itafungwa vipi, kumbukumbu za matukio ni mali ya nani, na mafundi wangapi wa hapa watafundishwa hadi waweze kukifungua na kukifunga wenyewe. Kama kamera zinasoma namba za magari, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, na picha zisikae kwenye seva ya muuzaji bila makubaliano.

Ongeza kifungu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: muuzaji akubali kupokea taarifa za udhaifu na azijibu ndani ya muda uliotajwa. Mwaka 2024 mtafiti mmoja wa Marekani aligundua kontrola ambayo ukurasa wake wa usimamizi ulifunguka bila kuthibitisha nywila. Alipoiarifu kampuni, jibu la kwanza lilikuwa barua ya mwanasheria. Usifunge ndoa na muuzaji wa tabia hiyo.

Hatua ya 8: Siku mambo yakiharibika

Maisha ya watu kwanza. Simu ya kwanza iende kwa trafiki, ya pili kwa fundi wa zamu, ya tatu kwa ofisa TEHAMA, ya nne kwa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, walio chini ya TCRA. Pangeni mapema ni makutano yapi yanapata askari kwanza. Mimi ningeanza na njia za kuelekea hospitali, kisha vivuko vya wanafunzi, ndipo barabara zenye magari mengi, ingawa najua shinikizo litakuja likitaka kinyume chake.

Fundi akifika, achomoe modemu lakini asizime kontrola. Apige picha ya skrini na waya. Anakili kumbukumbu kwanza, ndipo arudishe mipangilio kutoka nakala ya akiba, ambayo inapaswa kuwa imehifadhiwa nje ya mtandao na kujaribiwa angalau mara moja. Wengi tunazima na kuwasha kwa mazoea, taa zinarudi, tunashukuru Mungu, na ushahidi wote umekwishafutika.

Mwananchi akikuta kabati liko wazi, asiguse. Amwambie askari wa karibu, ataje makutano na upande.

Majina na namba za watu hao wanne ziandikwe kwenye karatasi, ifunikwe kwa plastiki, ibandikwe ndani ya kila kimlango cha polisi. Kila baada ya miezi mitatu mtu apige namba hizo moja baada ya nyingine, kuona kama bado zinapokelewa.